Safari ya Kuogelea: Kushindana Bila Kuwa Adui

Mazungumzo ya redio juu ya amani, kwa familia zilizohama na kwa viongozi wa Fizi na Baraka

 Nawasalimu ninyi mlio Fizi-Centre kule mlimani, ninyi wa Baraka hapa pembeni mwa ziwa, ninyi wa Mboko, wa Sebele na wa Ubwari. Zaidi nawasalimu ninyi mliohama makwenu, mnaolala kwa jamaa ama chini ya shitingi. Na wewe unayesoma maneno haya kwenye karatasi kwa sababu redio yako haina mawe, nakusalimu pia.

Tuliahidi kuzungumza juu ya mashindano. Siyo mashindano ya mpira, kwa maana ya mpira mnayajua kunipita. Ni mashindano ya kuogelea, tena kuogelea kwa watu wazima: mababa na mamama wanaofunga safari kwenda pwani ya watu wengine kushindana nao majini, halafu wanarudi kwao.

Nilipotangaza habari hii, mama mmoja alinisimamisha sokoni. Akaniambia: "Mwanangu, mimi nimekimbia na watoto watano, shamba langu limebaki kule juu, nawe unatuletea habari ya kuoga?" Nikacheka, nikapita. Halikuwa jibu. Mama, kama unanisikia jioni hii, naomba unisamehe, na jibu langu naanza nalo katika mwaka 1996.

Mwaka ule vita ilipofika huku, wengi wetu tulivuka ziwa hili usiku kwenda Tanzania. Mimi nilikuwa na miaka 6. Tukapelekwa kambini, wengine Nyarugusu, wengine Lugufu. Mnaokumbuka kambi zile mnajua ya kwamba hakuna ziwa kule. Kuna vumbi, kuna bomba la maji, kuna msururu wa ndoo. Watoto wa wavuvi walikulia nchi kavu. Kuanzia mwaka 2005 meli zikaturudisha kutoka Kigoma hadi Baraka, tukashuka tukiwa vijana wenye ndevu, tukasema tumerudi kwetu, kwa ziwa letu. Lakini ziwa lenyewe hatukulijua tena. Nilipomaliza masomo yangu ya sheria na kurudi Baraka na digrii mkononi, siku ya kwanza ya kupanda pirogi kwenda Ubwari kwa kazi nilishika ubao kwa mikono miwili. Mzee aliyepiga kasia alinitazama, akanyamaza. Kunyamaza kwake nilikusikia sana.

Sasa fikirini ndugu zetu waliotelemka kutoka milima ya juu, kwenye baridi, ambako maji ni ya kijito kinachopita juu ya mawe. Leo wanachota ndoo ziwani, watoto wao wanacheza pale pale. Mwana wa mvuvi aliyekulia kambini na mwana wa mfugaji aliyeteremka mlimani wanasimama pwani moja, na mbele ya maji hakuna mwenye kumzidi mwenzake.

Na maji haya si mchezo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozidi kuzama, na kwa urefu linapita kilometa 650. Mwezi wa 12 mwaka 2014 meli Mutambala ilizama upande wa Katanga, watu zaidi ya 100 wakafa. Wazee wa kusini ya Baraka wanakumbuka habari ya Léonard Mitoudidi, mmoja wa wakubwa wa maasi ya mwaka 1965: hakufa kwa risasi, alikufa maji karibu na Kibamba mwezi wa 6 wa mwaka ule. Hilo ndilo jibu langu la kwanza, Mama. Kuogelea siyo kuoga. Ni kumrudisha mtoto nyumbani jioni.

Jibu la pili ni refu zaidi, nalo linahusu amani.

Duniani kuna mashindano ya kuogelea ya watu wazima yanayoitwa Masters. Yalianza Marekani. Daktari mmoja wa jeshi la majini, Ransom Arthur, aliona watu wakiacha michezo wakishaoa na kupata kazi, miili inalegea, magonjwa yanaingia. Akawaza kwamba mtu mzima akiwa na siku ya kushindana mbele yake, ataamka asubuhi kufanya mazoezi. Mwezi wa 5 mwaka 1970 wakashindana mara ya kwanza katika mji wa Amarillo, jimbo la Texas. Mwaka 1986 yakafanyika ya dunia nzima, Tokyo, Japani. Tangu siku zile yanatembea nchi kwa nchi. Mwaka 2024 yalikuwa Doha, mwaka 2025 Singapore. Watu hujilipia tiketi wenyewe, walimu, manesi, wastaafu. Umri wa kuanza ni miaka 25. Mwisho wa umri haupo. Unashindana na walio sawa nawe: wa miaka 25 hadi 29 pamoja, 30 hadi 34 pamoja, na kuendelea mpaka waliopita 100. Msicheke. Huko Japani alikuwako bibi aitwaye Mieko Nagaoka, aliyeanza kuogelea akiwa na miaka 80 kwa sababu ya maumivu ya goti. Mwaka 2015, akiwa na miaka 100, aliogelea mita 1,500 bila kupumzika, akatumia saa moja na dakika kama 16. Yeyote kati yenu anayesema "mimi nimekwisha zeeka" akahesabu vizuri miaka yake.

Lakini yaliyonishika mimi ni kanuni mbili za mashindano hayo. Ya kwanza: mtu anaandikishwa kwa klabu yake, siyo kwa nchi yake. Imeandikwa kabisa ya kwamba hakuna mwogeleaji wala ekipi itakayohesabiwa kuwa inasimama kwa ajili ya taifa. Nilipoisoma niliirudia mara tatu. Mimi ni mtu wa sheria, na ninazijua sheria nyingi, zilizoandikwa na zisizoandikwa, zinazoanza kwa kumuuliza mtu: wewe ni wa nani? Kanuni hii inauliza kitu kingine. Unafanya mazoezi na nani?

Ya pili ni ya mbio za kupokezana. Watu wanne wa klabu moja wanaogelea mmoja baada ya mwingine, na umri wao unajumlishwa. Kuna kundi la jumla ya miaka 100 hadi 119, la 120 hadi 159, la 160 hadi 199, la 200 hadi 239, na kupanda. Kuna na mbio za mchanganyiko, wanawake wawili na wanaume wawili. Kwa hiyo ukiwatafuta vijana wanne wenye nguvu tu, unaanguka katika kundi la vijana. Ukitaka kundi la 160, ni lazima umwite mzee, umwite mama. Umri wa mzee hapa ni mali ya ekipi.

Basi tukajaribu nasi, kwa kadiri ya uwezo wetu. Nitawaeleza yote, pamoja na yale yasiyonipa sifa.

Pale Baraka tulikuwa watu wazima wachache tukikutana asubuhi kabla upepo haujaamka. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja muuza ndagala, mwenye miaka 47, ambaye hakukimbia mbali mwaka 1996 na hivyo hakusahau maji. Alitufundisha jambo moja kwa wiki mbili nzima: kulala juu ya maji. Kichwa nyuma, tumbo juu, masikio ndani ya maji, pumua. Kati ya wanafunzi wake alikuwemo baba mmoja wa miaka 52 aliyehama kutoka milima ya juu. Kabila lake sitalitaja. Najua mnataka nilitaje, na ndiyo sababu sitalitaja. Siku ya kwanza alipoweka mgongo wake juu ya mikono ya mama yule, watu walicheka pwani yote, nao wawili wakacheka pia. Siku ya kumi na kitu, mama akaondoa mikono bila kumwambia. Baba akaendelea kulala juu ya maji, anatazama mawingu, anadhani bado ameshikwa.

Mwaka jana ikaja barua kutoka kijiji kimoja cha pwani: njooni tushindane. Pirogi mbili zingefungwa majini, nafasi kati yake kama mita 50. Ekipi tatu, kila moja wanawake wawili na wanaume wawili, jumla ya miaka isipungue 160. Tukajibu kwa barua, tukaandika majina na umri: mama yetu 47, mwalimu mmoja wa kike 38, mimi 34, na yule baba 52. Jumla 171. Tukatia sahihi. Wakati ule niliona ni adabu tu kuandika.

Safari ilikuwa ya shida kama safari zote za huku. Njiani tulikalishwa kwenye barieri saa mbili, kwa sababu baba yetu hakuwa na karte ya uchaguzi. Iliteketea na nyumba yake, naye alikuwa na karatasi ya kuandikishwa kama mtu aliyehama tu. Tulifika tumechoka. Ndipo vijana wa pale pwani walipomwona. Mmoja akasema kwa sauti: "Huyu si mtu wa Baraka. Mrudisheni, tuanze." Wengine wakaitikia. Maneno yakapanda, mnayajua maneno yenyewe, hayahitaji kusemwa hewani.

Ndugu wasikilizaji, nitawaambia nilichofanya mimi, mwenye digrii ya sheria, mimi ninayekuja kwenu kila wiki kuzungumza juu ya haki. Nilimvuta mama yetu pembeni, nikamwambia tumweke kijana wa boti mahali pa huyu baba, kusudi mambo yaishe. Nilisema ni kwa usalama wake. Labda nusu ya neno lile ilikuwa kweli. Nusu nyingine ilikuwa woga, nami sikutaka kusafiri njia yote ile na kurudi bila kushindana.

Mama yule hakupandisha sauti. Akasema: "Mikono hii ndiyo ilimfundisha. Akitoka yeye, natoka na mimi. Utaogelea na nani?"

Aliyetuokoa alikuwa mzee wa pale pale. Aliagiza barua iletwe. Akaisoma mbele ya wote, polepole, kama wazee wanavyosikiliza shauri katika lubunga. Akauliza vijana wake: "Hapa tuliandika majina?" Ndiyo. "Tuliandika umri?" Ndiyo. "Kabila tuliliandika wapi? Nionyesheni mstari." Hakuna aliyeonyesha. Akasema mgeni aliyeitwa kwa jina lake hawezi kufukuzwa kwa jina lingine.

Tukaingia majini. Baba aliogelea wa tatu. Katikati ya njia nguvu zikamwisha, na boti ya usalama ikaanza kumfuata. Yeye akajigeuza, akalala chali kama alivyofundishwa, akapumua mara nne, mara tano, akageuka tena na kumaliza. Tulikuwa wa mwisho kati ya ekipi tatu, tena kwa mbali. Sitawadanganya kwamba pwani yote ilimpigia makofi. Wengine walikwenda zao. Usiku mtu alifungua kamba ya boti yetu, asubuhi tukaikuta imekwama kwenye matete, hatukumtafuta aliyefanya. Lakini kabla ya giza, kijana mmoja, wa wale waliopiga kelele, alikuja kukaa karibu na baba akamwuliza alifanyaje kulala juu ya maji bila kuzama. Wakaingia tena, maji ya kifuani. Nilimwona baba akiweka mikono yake chini ya mgongo wa kijana yule.

Kuna watakaosema: ekipi ya mwisho, ni habari gani hiyo ya redioni? Basi nawakumbusha Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Mwaka 2000 alikwenda Sydney kwenye Michezo ya Olimpiki akiwa ameanza kuogelea miezi michache tu nyuma. Waliopaswa kuogelea naye wawili walianza kabla ya ishara, wakaondolewa, yeye akabaki peke yake katika mita 100. Aliifikia mwisho kwa shida kubwa, zaidi ya dakika moja na sekunde 50, na dunia nzima ikamjua. Waliomzidi mbio walitolewa kwa kuvunja kanuni. Sisi watu wa huku, ambako mwenye nguvu huanza kabla ya ishara kila siku, tunaweza kuwaza juu ya jambo hilo.

Pengine wewe uliyehama unajiuliza: mimi sina klabu, sina karte, sina kijiji kinachoniita, nitaandikishwa wapi? Mwaka 2016, kule Rio de Janeiro, kwa mara ya kwanza iliundwa ekipi ya wakimbizi katika Olimpiki. Walikuwa watu 10. Wawili walikuwa wanajudo wazaliwa wa Bukavu, kwetu Kivu ya Kusini: Popole Misenga na Yolande Mabika. Wote wawili vita iliwatenga na familia zao wakiwa wadogo. Mwaka 2013 walisafiri hadi Brazili kwa mashindano ya dunia, wakabaki huko kuomba hifadhi. Katika ekipi ile alikuwemo pia mwogeleaji wa Siria, Yusra Mardini. Mwaka 2015, akikimbia vita pamoja na dada yake, injini ya mtumbwi wao wa mpira ilizimika kati ya Uturuki na Ugiriki. Wao na wengine wachache walioweza kuogelea waliingia baharini, wakahangaika na mtumbwi ule zaidi ya saa tatu mpaka wakafika nchi kavu. Mwaka uliofuata alikuwa Rio, mbele ya dunia, katika mtindo wa kipepeo.

Ninawapenda watu hao, lakini nasema jambo moja kwa uchungu. Popole na Yolande ilibidi wafike Brazili ndipo waandikwe mahali. Huyu baba yetu wa miaka 52 aliandikwa Baraka, katika barua ya kurasa moja, kilometa chache kutoka alipokimbilia. Hilo liko katika uwezo wetu.

Kwa hiyo sasa naongea nanyi, wakubwa. Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, katika kifungu cha 30 inasema ya kwamba kila mtu aliye katika nchi ana haki ya kutembea humo kwa uhuru, kukaa, kutoka na kurudi, kwa kufuata masharti ya sheria. Haisemi mzaliwa wa mahali. Inasema kila mtu. Bwana shefu, watu wako wakitaka kusafiri kushindana, uwe ni mpira, uwe ni kwaya, uwe ni maji, waandikie barua yenye majina yao, weka muhuri, na umpelekee shefu mwenzako nakala kabla hawajaondoka. Patana naye ni nani atakayewalaza wageni, nani atakayewasindikiza, na ugomvi ukitokea utapelekwa kwa nani. Refa atoke mahali pa tatu. Mtu ambaye karte yake imepotea au imeungua, mtangulize, mwulizieni karatasi yake mapema, siyo kumwacha akakutane na barieri peke yake. Na mambo haya yaandikwe siku watu wakiwa wamepoa. Pale pwani, vijana walipokwisha kupanda hasira, mimi sikuweza kutunga kanuni hata moja. Iliyotusaidia ni ile iliyokuwa tayari kwenye karatasi.

Tena msiwaache watu waingie majini ovyo. Mdomo wa mto Mutambala na kwenye matete kuna mamba na viboko; sipo pa kujifunzia. Kipindupindu tunakijua, kwa hiyo msiogelee karibu na vyoo wala mahali maji machafu yanapoteremkia, na maji ya ziwa hayanywewi, hata kwa bahati mbaya. Muda mzuri ni asubuhi. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini ukianza, tokeni. Pirogi iwe karibu daima, na ndani yake awe mtu anayejua kuogelea kweli, asiwe mtu wa kutazama tu.

Mama wa sokoni, sijui kama nimekujibu yote. Shamba lako sikulirudisha. Lakini yule mwalimu muuza ndagala ameniambia nikutafute, anataka kuanza kikundi cha wanawake peke yao, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na watoto watachungwa pale pale pwani na dada zao wakubwa. Anasema uje na nguo ya kubadilisha, na mkubwa wa watoto wako watano.

Sisi wengine tumekwisha pata barua ya pili kutoka kijiji kile kile. Safari hii wanataka jumla isipungue miaka 200, na mimi kwa umri wangu nimeambiwa nitabeba nguo za wenzangu. Tunatafuta baba au mama mmoja mwenye miaka 60 na zaidi, wa kutoka popote. Na jile za kuokoa tunazo sita tu, tunahitaji kumi. Aliye nayo ndani ya nyumba aiazime, tutairudisha ikiwa kavu.